Aliyeona Kutoka Chini

Nélida Zapelli alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake mtaani kwetu Almagro, hapa Buenos Aires. Alipunguza suruali, alibadilisha zipu, alitanua magauni ya wanawake walionenepa. Nyuzi na vifungo alinunua dukani kwangu. Kila Jumanne saa kumi alasiri alifunga mlango akaenda kwa mwanasaikolojia wake, na alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hilo halikumshangaza mtu. Mimi mwenyewe nina wangu, Alhamisi.

Kisa alichokipeleka huko nilikijua, maana hakukificha. Alipokuwa na miaka minne, kwao Gualeguay, alitumbukia kwenye kisima cha uani. Akaushika mnyororo wa ndoo, akaita. Juu, penye duara la mwanga, ukatokea uso wa mama yake, kitambaa cha buluu kichwani, kibanio cha nguo katikati ya meno. Ukamtazama. Kisha ukaondoka. Nani alimtoa, hakukumbuka.

Kwa kisa hicho Nélida alijieleza mwanzo hadi mwisho: kwa nini hakuolewa, kwa nini siku alipovunjika mkono alipanda basi peke yake hadi hospitali, kwa nini mama yake akipiga simu Jumapili alimjibu kwa adabu na kwa maneno machache. "Mtu aliyeachwa vile haombi tena," aliniambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kunitajia kipimo cha kiuno. Mwanasaikolojia alimshauri mara nyingi amuulize mama mwenyewe. Hakumuuliza. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, mama akafa.

Baada ya mazishi alibaki jikoni kwa marehemu na mama yake mdogo, Elvecia, mwanamke wa miaka themanini na tatu, wakipokezana kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani. Nélida akaona sasa hakuna tena wa kuumia, akasimulia yote.

Elvecia alisikiliza hadi mwisho, akakiweka kibuyu mezani.

"Mwanangu, wewe hujawahi kuanguka kisimani. Kile kisima kilizibwa kwa saruji kabla hujazaliwa. Aliyeanguka ni Irma."

Nélida akauliza Irma ni nani.

"Dada yako. Hakutoka mzima. Mama yako alituapisha tusilitaje jina lake ndani ya nyumba hii."

Kisha yule bibi akamwomba arudie habari ya kibanio, polepole. Mama yake Nélida, alisema, aliapa maisha yake yote kwamba siku ile alikuwa chumba cha mbele akipiga pasi, hakusikia kitu wala hakuona kitu. Lakini wanaume walipomtoa mtoto, jioni, mama alikuwa amesimama uani na kibanio mdomoni, taya zimekaza.

"Nilikitoa mimi, kwa vidole vyangu hivi. Sikumwambia mtu. Wewe nani kakwambia?"

Nélida akasema hakuna. Elvecia akasogeza kiti chake nyuma kidogo, mbali naye.

Jumanne iliyofuata mwanasaikolojia alimpa maelezo. Huenda mama alihitaji pa kuutua ule mzigo, akamsimulia Nélida akiwa mchanga huku akimnyonyesha, akidhani haelewi. Nayo maneno yakakaa humo hadi yakawa picha. Maelezo mazuri. Hata mimi nilipoyasikia nilitulia.

"Nilimkubalia," Nélida aliniambia, amesimama mbele ya meza yangu ya duka. "Halafu nikamwambia, daktari, mama alikuwa juu. Kama yeye ndiye aliyenisimulia, ningemwona mtoto majini. Mimi namwona yeye."

Nikamuuliza mwanasaikolojia alijibu nini. Akasema aliweka kalamu chini.

Mwezi wa Oktoba alirudi Gualeguay, akachongesha jina la Irma kwenye kaburi la mama yao. Nilidhani yameisha. Lakini alikonda, akawa anaacha magauni ya watu nusu. Jambo lililomla si kifo cha dada asiyemjua. "Kama sikuachwa mimi," aliniuliza siku moja, "haya maisha yote nimeyaishi kwa sababu ya nani?" Nilimfungia uzi wake kwenye karatasi.

Kwa mwanasaikolojia bado anaenda. Majuzi nilimuuliza kama angalau ile picha imefifia, kwa kuwa sasa anajua si yake.

"Haijafifia, shoga. Imerefuka. Zamani ilikuwa inakatika mama akiondoka."

"Na sasa?"

Alikuwa anachagua vifungo, akivigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha.

"Sasa naachia mnyororo," alisema. "Na yale maji, kumbe, si baridi."