Mlinzi wa Daraja na Daftari Letu

Mwaka wangu wa pili Doha niliishi chumba kimoja na mtu ambaye sikuwa nikimwona. Sote tulikuwa walinzi. Mimi nililinda lango la jengo la ofisi usiku, yeye alilinda duka kubwa mchana. Nikirudi chumbani kwetu, mtaa wa Muaither, asubuhi nilikuta kitanda chake kimetandikwa mpaka unaogopa kukigusa, na yeye akirudi jioni alikuta changu kama uwanja wa vita. Yeye mtu wa Kisii, mzee wa kanisa, miaka kumi mbele yangu. Mimi mtu wa Mombasa, mdomo mwingi, na hasira zangu haziko mbali. Tulionana Ijumaa tu, siku yetu ya mapumziko.

Kompyuta ilikuwa yake. Aliinunua mtumba, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na ndani akaikuta gemu ambayo mwenyewe wa zamani alisahau kuifuta. Mashujaa wanne wanazunguka nchi ya majoka na mizimu: mpiga panga, mpiga upinde, mchawi, na mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kuwatibu wenzake wakiumia. Wewe unamwongoza mpiga panga, wale watatu wanakufuata. Lakini wanakufuata kwa hiari yao, na hapo ndipo penye kazi. Kila mmoja ana moyo wake. Ukitenda jambo asilolipenda ananuna, ukizidi anafunga virago, na akishaondoka harudi. Tena gemu yenyewe ilikuwa inajihifadhi kila hatua, juu ya ile hatua ya nyuma, kwa hiyo ukishakosea umekosea.

Safari ilikuwa moja, nasi tukiicheza kwa zamu: yeye jioni, mimi asubuhi kabla ya kulala. Wiki ya kwanza niliuza ngao ya mpiga panga nisimwambie. Jioni mzee akaingia pangoni kifua wazi, akaliwa na buibui. Kesho yake nilikuta daftari la shule juu ya kompyuta, limepigwa mistari kwa rula: saa, tukio, sahihi. Vilevile kama daftari la matukio la kazini, lile ambalo kila mlinzi anaandika kabla ya kumkabidhi mwenzake lango.

"Saa moja na nusu jioni," alikuwa ameandika. "Nimepokea zamu. Watu wanne, wote wapo. Mama amechoka kidogo."

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikaandika chini yake: "Saa mbili asubuhi. Nimepokea zamu. Mpiga upinde amekutwa amelala kazini, amepewa onyo."

Jioni akajibu: "Onyo limefika. Mpiga upinde anaomba radhi, anasema ana watoto."

Kumbe mzee wa kanisa ana utani! Tangu siku ile nikawa narudi kutoka kazini mbio, nisome daftari kwanza, chai baadaye. Miezi minne tuliishi hivyo, na naweza kusema yule bwana nilimjua kwa maandishi kuliko nilivyowajua watu niliokula nao.

Aliyempenda zaidi katika wale wanne alikuwa yule mama. Alimnunulia joho, akamvisha pete, akaniandikia kwa herufi kubwa nisimtangulize mbele ya adui. Ijumaa moja tukipika ugali aliniambia sababu. Marehemu mama yake alikuwa hivyo hivyo: anakufunga kidonda huku anakugombeza.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Asubuhi moja, nikikaribia kutoka kazini, lilikuja gari kubwa langoni. Nikamwomba mwenyewe kadi ya kuingilia. Hakuwa nayo. Nikamwambia kwa adabu zote asubiri nipige simu. Akashusha kioo, akaniuliza mimi ni nani hata yeye asubiri. Msimamizi alipofika hakuuliza chochote, aliniambia nimwombe bwana msamaha. Nikaomba. Nikaomba msamaha kwa kosa la kufanya kazi yangu, nikapanda basi la kampuni, nikafika chumbani.

Nikafungua gemu. Mashujaa walikuwa wamefika kwenye daraja, na darajani amesimama mlinzi mmoja mzee na mkuki wake. Akasema hatupiti bila barua ya mkuu wa mji.

Nikampiga panga moja, akaanguka.

Mama akageuka. Maneno yakatokea kwenye skrini: hawezi kutembea na mtu anayemuua mlinzi aliyekuwa kazini. Akavua pete, akaiweka chini, akaenda zake. Nilibonyeza kila kitufe kilichokuwa kwenye ile kompyuta. Hasira hasara, tuliimbiwa tangu utotoni, na bado.

Ningeandika ukweli mambo yakaisha. Badala yake nikachukua kalamu nikaandika: "Saa mbili na nusu asubuhi. Hakuna tukio." Nikatia sahihi.

Jibu la jioni lilikuwa fupi. "Nimekuta watu watatu. Mama hayupo. Daftari linasema hakuna tukio."

Na mimi, badala ya kuona haya, nikaongeza la pili: "Labda kompyuta ina hitilafu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Ijumaa. Niliamka mchana, nikakuta meza tupu na daftari liko wazi: "Nimepeleka kompyuta kwa fundi, Fereej Bin Mahmoud. Kanisani sitafika leo." Mtu ambaye alikwenda kanisani kila Ijumaa, maana Doha ibada ni siku hiyo, hata na homa! Nilijua mafundi wa kule dawa yao ni moja, wanafuta kila kitu. Nikaswali haraka, nikabeba daftari kwapani, nikakimbilia basi.

Nilimkuta ndani ya kibanda cha fundi, amekaa kwenye kistuli na shati lake la kanisani. Fundi, Mhindi mpole, alikuwa ameshika bisibisi, anangoja ruhusa.

"Mzee, usimruhusu," nikasema. "Kompyuta ni nzima."

"Umejuaje?"

"Mama aliondoka mwenyewe. Nilimuua mlinzi wa daraja."

Nilingoja anigombeze kwa ajili ya mama. Akanitazama kwanza, kisha akauliza, "Alikukosea nini?"

"Aliniomba barua."

"Na wewe?"

"Nikampiga panga."

Fundi hakujua Kiswahili, lakini aliweka bisibisi chini. Nikamweleza mzee habari ya mtu wa gari, kioo, na ule msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi Jumanne nimetupiwa kikombe cha kahawa," akasema.

"Kilikuwa na kahawa?"

"Nusu."

Tukacheka, wallahi, mpaka fundi naye akacheka asichokijua. Kisha mzee akaacha kucheka. "Lakini sikuja chumbani kuua mtu," akasema. "Na wewe hukuniambia."

Hapo machozi yalinitoka, sifichi. Nikafungua daftari nichane ule ukurasa. Akanishika mkono.

"Daftari la matukio halichanwi, ndugu yangu. Unajua kazi."

Najua kazi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, ili kosa lisomeke, unatia sahihi, kisha unaandika ukweli chini yake. Nikapiga mstari juu ya "Hakuna tukio". Chini nikaandika: "Mlinzi wa daraja ameuawa na mimi akiwa kazini. Hakuwa na kosa." Mzee akasoma, akatia sahihi yake pembeni.

"Tunaanza upya," akasema.

"Miezi minne, mzee!"

"Una haraka ya kwenda wapi? Mkataba bado."

Tukaanza upya. Buibui walewale, mapango yaleyale, mpiga upinde akapewa onyo la pili. Safari hii tulikwenda mbio zaidi, kwa kuwa njia tuliijua. Asubuhi moja nikarudi na kusoma: "Tumefika darajani. Nimesimamisha safari hapa makusudi. Zamu ni yako."

Na siku hiyo, kana kwamba imepangwa, yule bwana wa gari alikuwa amepita tena langoni kwangu bila kadi.

Mlinzi akaomba barua. Mkuu wa mji anakaa nyuma kabisa, ng'ambo ya kinamasi tulichokwisha kukivuka. Nikageuka. Ilinichukua asubuhi tatu, kwenda na kurudi, na mama akinifunga vidonda huku ananigombeza kwamba viatu vyangu vina matope. Asubuhi ya tatu nikamkabidhi mlinzi barua yake. Akaisoma polepole, akasogea pembeni, akatushukuru kwa subira. Nikamwambia kazi njema, kwa sauti, peke yangu chumbani.

Kisha nikachukua daftari. "Saa tatu asubuhi. Tumevuka. Watu wanne, mama yupo. Mlinzi wa daraja tumemwacha kazini, salama."