Kompyuta Iliyoogopa Kupoteza Kete

Mwanangu, ipo alasiri moja ya Majengo ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo. Nimekusikia ukisema, tena si mara moja, kwamba njia zote mbili zilizo mbele yako utazishika na hakuna hata moja utakayoiachia. Basi kaa. Chai bado ipo kwenye chupa, na mimi siku hizi sina pa kukimbilia.

Wakati huo nilikuwa msichana wa Old Moshi, nimemaliza shule, nimeteremka Moshi mjini kujifunza kompyuta katika kituo kidogo cha mafunzo kule Majengo. Kompyuta zilikuwa ngeni kwetu. Tulikuwa nazo chache tu, za msaada kutoka ng'ambo, nzito kama masanduku ya nguo, na nyingine zilinguruma kwa muda mrefu kabla ya kuwaka. Wenzangu walijifunza kuchapa barua. Mimi nilipogundua kwamba unaweza kuiandikia mashine ile maagizo yako mwenyewe, mstari kwa mstari, nayo ikayafuata, barua zikanitoka kichwani. Nilitaka kuifundisha drafti.

Drafti nilifundishwa na kaka yangu Elinami, nyumbani, juu ya kipande cha boksi tulichokichora miraba kwa mkaa. Yeye alicheza na punje za mahindi, mimi na buni za kahawa. Kaka alipoondoka kwenda kubeba mizigo ya watalii mlimani, nikabaki bila mtu wa kucheza naye. Kijiwe cha drafti kilikuwepo jirani kabisa na kituo chetu, kwenye baraza ya fundi cherehani aliyeitwa Mzee Shabani, lakini msichana hakukaribishwa pale. Nikisimama kuangalia, lazima mtu angeniuliza kama nimeleta nguo ya kushonwa. Nikajiambia, kama hakuna wa kucheza na mimi, nitamtengeneza.

Mwalimu wetu, Mwalimu Josefu, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za joto kali, hakunikataza. Alisema tu, "Aikaruwa, michezo ya kompyuta wanatengeneza watu wenye viwanda."

"Sawa, mwalimu. Naomba ufunguo, niwe nawahi asubuhi kabla ya wenzangu."

Akanitazama, akatoa ufunguo mfukoni.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa kazi rahisi. Ubao niliuchora kwa mistari na nyota, kete zangu zikawa herufi O, za kompyuta zikawa X. Mwanzoni ilikuwa ikila kete zake yenyewe. Nikiirekebisha hapo, inasogeza kete nje ya ubao. Asubuhi moja umeme ulikatika kabla sijahifadhi, kazi yote ikapotea, nikatoka nje nikalia nyuma ya ukuta. Nilipomaliza kulia niliosha uso, nikarudi nikaanza upya. Ujana una nguvu zake, mwanangu, na mimi za kwangu nilizimalizia pale.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwalimu Josefu alitutangazia kwamba siku ya kufunga mafunzo watakuja wageni kutoka chuo kimoja cha ufundi. Kila mwanafunzi ataonyesha kazi aliyoitengeneza mwenyewe, na wao watamchagua mmoja aende kusoma kwao. Wakati huohuo mjomba wangu Aminieli, aliyekuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo pale mjini, alikuwa akihitaji karani. Baba alikuwa amekwisha kuniombea nafasi ile, na mjomba alikubali. Alitaka nianze mara moja, asubuhi mpaka jioni. Nami nilijua kwamba nikianza kule, drafti yangu haitakwisha.

Nilifanya nini? Mjomba nilimwambia, "Nakuja, mjomba, wiki ijayo." Mwalimu nilimwambia, "Nipo, mwalimu, nitaonyesha kazi yangu." Wiki ijayo ikifika, namwambia mjomba wiki ijayo nyingine. Nilijiona mjanja.

Hatimaye mashine ikaweza kucheza mchezo mzima bila kukwama. Nikataka ijaribiwe na mchezaji wa kweli, na alasiri ile niliyokwambia nikaenda barazani kwa Mzee Shabani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeleta nguo?"

"Hapana. Nimekuja kukuomba uje ucheze drafti."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Nicheze na wewe?"

"Na kompyuta. Nimeifundisha mwenyewe."

"Ina mikono hiyo kompyuta?"

"Mikono ninayo mimi, mzee. Wewe utanionyesha kete unayoitaka, mimi nitabonyeza."

Alikuja, futi yake ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alikaa, akavaa miwani, akaanza kucheza kwa makini. Baada ya muda umakini ule ulimtoka, akawa anapiga miayo. Mashine yangu ilikuwa haiendi mbele. Ilisogeza kete za pembeni, ikazirundika, ikajibanza. Mzee hakula kete hata moja. Alizisogeza zake taratibu, akaizunguka, mpaka mashine ikawa haina hata mraba mmoja wa kusogea. Kwenye drafti, asiyekuwa na pa kusogea ameshindwa.

"Uliiambia nini mashine hii?" akaniuliza.

Nikamweleza kwa majivuno, maana sehemu hiyo ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Niliiambia isikubali kupoteza kete. Kabla ya kusogea iangalie, na kama kete italiwa, isogeze nyingine.

"Basi umeifundisha uoga," alisema. "Tazama. Kete zake zote ziko hai, na imefungwa. Zina faida gani sasa? Mtu anayetaka kubaki na kila kete, mimi sihangaiki kumla. Namngoja tu, atajifunga mwenyewe."

"Lakini kupoteza kete ni hasara, mzee."

"Ni hasara, ndiyo. Nani kakwambia utacheza bila hasara? Chagua wewe kete ya kutoa, ukiwa bado una nafasi. Ukichelewa, atakuchagulia mwenzako." Akavua miwani. "Na usinione nimeingilia ya kwenu. Mjomba wako alileta suruali hapa juzi, analalamika kila wiki unamwambia wiki ijayo. Mwalimu wako naye anasema hajui kama siku ya wageni utakuwepo. Wote wawili umewafunga, binti, na wewe mwenyewe umejifunga."

Akasimama, akasema ana gauni la watu halijakatwa, akaenda zake.

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwita majina moyoni mwangu, mzee wa watu. Nilibaki nimekaa mbele ya skrini ile, zile kete za X zimesongamana pembeni, nzima kabisa na hazina la kufanya. Nilizitazama mpaka hasira ikaniishia.

Jumamosi iliyofuata nilipanda nyumbani. Baba alikuwa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba, anakata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia, kisha nikasema kabla ujasiri haujanitoroka.

"Baba, kwa mjomba siendi."

Hakuinua kichwa. "Huendi lini?"

"Siendi kabisa. Nataka kile chuo."

"Wamekuchukua?"

"Bado."

"Wamekuahidi?"

"Hapana."

Aliweka panga chini. "Kwa hiyo unaiacha kazi iliyopo, unafuata ambayo huna."

"Ndiyo, baba."

Baba alijitwisha mzigo wa majani akaenda bandani. Tangu siku hiyo nikimwamkia aliitika marahaba, basi, hakuongeza neno. Mama alinipakulia mtori wa ndizi akaniambia, "Kula kwanza. Baba yako atapoa, ila si leo."

Jumatatu nilikwenda dukani kwa mjomba. Sikutuma mtu. Nilisimama mbele yake nikamwambia atafute karani mwingine. Iliniuma, naye ilimuuma, lakini alisema, "Afadhali umenieleza ukiwa unanitazama."

Kisha nikarudi kwenye mashine, nikayafuta yale maagizo niliyoyahangaikia kuliko yote. Mahali pake nikaandika mengine: kabla ya kukataa kupoteza kete, angalia mbele, uone kete hiyo ikiliwa wewe utapata nini. Ukipata zaidi, itoe. Mashine ikawa nzito, ikifikiri mpaka unaweza kwenda kuteka maji ukarudi. Mwalimu Josefu akaanza kuwahi naye, tai ikiwa bado mkononi, akivuta kiti kando yangu tutafute makosa pamoja. Hakusema tena habari za viwanda.

Nilipomwita Mzee Shabani mara ya pili, alikuja akiwa ameshaanza kupiga miayo mlangoni. Katikati ya mchezo mashine ikamsogezea kete mdomoni. Kwenye drafti kula ni lazima, akala. Ikamsogezea nyingine, akala tena, huku anatabasamu. Mara tabasamu likakatika. Zile kete mbili zilikuwa zimezivuta kete za mzee kutoka nyuma, na mashine ikaruka, ikala moja, mbili, tatu, ikafika safu ya mwisho, ikaingia kingi.

Mzee alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa. Alipambana sana, lakini alishindwa.

"Panga tena," alisema kwa sauti kavu.

Mchezo wa pili alishinda yeye, na hapo ndipo furaha ilipomrudia. Mlangoni aligeuka. "Kesho njoo barazani, ucheze wewe mwenyewe. Mashine iache ipumzike." Kesho yake nilikwenda, naye akamwinua mwanamume mzima kwenye benchi ili mimi nikae. Manung'uniko yalikuwepo. Aliyajibu kwa kupanga vizibo vya soda kwenye ubao.

Sasa ungetaka nikwambie kwamba wageni walikuja wakanichagua. Walikuja. Mmoja wao alicheza na mashine yangu, akashindwa, akacheka sana. Wakamchagua mwenzangu Gaudensia, aliyekuwa ametengeneza kazi nzuri, na hata leo sina neno juu yake. Mimi nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kazi ya mjomba nilikuwa nimeiacha, na chuo sikukipata.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Nikawa nachuma kimyakimya, kikapu kiunoni, nikiwaza nitakavyochuma kahawa ile mpaka nizeeke. Siku moja baba alikuja akasimama upande wa pili wa mti nilioushika, akaanza kuchuma naye. Tulichuma tawi baada ya tawi.

"Mjomba wako ameshaajiri kijana mwingine," alisema mwishowe.

"Najua, baba."

"Kwa hiyo kule huwezi kurudi."

"Siwezi."

"Na kahawa hii mimi na mama yako tunaiweza." Akatupa matunda kikapuni. "Mwakani hicho chuo hakichukui watu?"

"Kinachukua. Kuna mtihani."

"Basi unangoja nini hapa? Ulipoacha kazi nilikukasirikia. Ukikiacha na chuo, nitakukasirikia zaidi."

Nilimtazama kupitia matawi. Alikuwa anachuma tu, kama mtu aliyeongea habari za mvua. Kesho yake niliteremka Moshi, nikamwomba Mwalimu Josefu ufunguo upya.

Mwaka ule niliusoma kama mtu asiyekuwa na mlango wa nyuma, maana kweli sikuwa nao. Nilifanya mtihani, nikapita. Siku ya kuondoka baba alibeba sanduku langu begani mpaka barabarani, akakataa kusaidiwa, na kila jirani tuliyekutana naye alimwambia, "Anakwenda kusomea kompyuta," kwa sauti ya mtu aliyelipanga jambo hilo tangu nazaliwa. Mimi nikamwachia furaha yake. Tangu hapo kompyuta ndiyo iliyonilisha, na nimewafundisha vijana wengi wa mlima huu.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Hutaweza kushika kila kitu. Atakayekwambia unaweza anakupenda, lakini anakuchelewesha. Kaa chini ukiwa na akili zako, uamue ni kipi utakiachia kwa ajili ya kile unachokitaka, kisha kiachie kweli. Nenda kwa mwenyewe ukamwambie usoni, usimweke mtu wiki ijayo na wiki ijayo, kwa sababu na yeye ana maisha yake yanayokungoja. Na ukishakiachia, kile ulichokichagua kinaweza kukukataa mara ya kwanza. Kitauma. Lia kidogo kama ni lazima, uoshe uso, urudi tena. Usikubali kupoteza vyote viwili kwa kukata tamaa, wakati kimoja tayari umekilipia.

Nenda sasa, ukaongee na wale wanaokusubiri. Ruwa, Mungu wetu wa mlimani, akutangulie unakokwenda, akufungulie kinywa useme ukweli bila kumuumiza mtu bure. Akupe mgongo wa kubeba ulichokichagua, na wazazi watakaokukasirikia kwa upendo. Kazi ya mikono yako isimame. Na ukifika, mwanangu, ufike ukiwa na moyo mweupe.