Tangazo la Doto, wateja wa Kulwa

Leo nimelipia tangazo, aliyepata wateja ni pacha wangu.

Mimi Doto natengeneza makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hapa Kahama. Kulwa anatengeneza hayohayo kule Geita. Kila mmoja ana app yake ya kuagizia vipuri.

Nikaweka sura yangu kwenye tangazo, watu waniamini.

Wachimbaji wanabonyeza wakidhani ni Kulwa, mimi nakatwa hela. Wakiona app imeandikwa Doto, wanarudi kutafuta ya Kulwa.

Mchana kanipigia: "Mdogo wangu, leo app yangu inapakuliwa balaa. Mungu mkubwa."

Nikaitikia amina, roho inaniuma.

Enyi mapacha wenzangu, haya mnayamezaje?

Maana nimefungua maoni ya tangazo langu, la kwanza ni la mama aliyetuzaa: "Hongera Kulwa mwanangu. Mfundishe na mwenzako."