Shukrani kwa Mwanangu Aliyechaguliwa na Madaktari

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtu akiniambia madaktari wamemchagua mwanangu, nashukuru kwanza, maswali baadaye. Ndivyo tulivyozoea kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania: jina likisomwa, unamshukuru Mungu. Hata kuja Sydney tulikuja kwa jina kusomwa.

Kitinda mimba wangu alikuwa akibeba maboksi kwenye ghala moja pale Lidcombe. Kijana mpole, ila mimi nikimsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Siku moja akaniambia madaktari wanajaribu dawa mpya kwa watu, wamemchukua yeye, wengi wamerudishwa. Zaidi ya hapo sikusikia. Moyo ulishajaa.

Alipomaliza kwenda huko nikabeba kikapu kanisani. Kwetu Warundi shukrani haitolewi kwa mikono mitupu. Nilipika maharage na ndizi, na hizo ndizi mbichi nilizitafuta Fairfield nzima, maana watu wa huku wanadhani ndizi ni tunda tu. Haya. Nikasimama mbele, nikamvuta mwanangu, nikasema Mungu amemwinua, madaktari wamemchagua. Kwaya ikaimba. Mchungaji akamwekea mikono kichwani. Yeye akawa anatazama viatu vyake.

Tulipokuwa tunakula, mama mmoja Mkongomani, anayefanya kazi ya kutunza wazee, akamuuliza ni dawa gani. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba inatoka kwenye bangi, ila si kile kinacholevya. Madaktari wanataka kujua kama watu wataipenda kupita kiasi, waanze kuitafuta hata wasipoumwa. Yule mama akacheka. Bila ubaya, namjua.

“Basi wewe bangi umeizoea, baba. Wale hawachukui asiyewahi kuvuta. Atajuaje tofauti?”

Meza nzima ikacheka, halafu wakakumbuka nilivyoshukuru, wakainamia sahani zao. Mchungaji akaweka kijiko chini. Akasema Jumapili ijayo kijana asimame tena palepale, atubu.

Kwenye treni ya kurudi, mwanangu alisema Kiswahili njia nzima. Kiswahili cha kambini, cha utoto wake. Alinieleza kwamba siku moja wanakupa kile kinacholevya, siku nyingine hiyo dawa, siku nyingine kidonge kisicho na kitu, na hawakwambii kipi ni kipi. Kisha wanakupa mstari uliochorwa. Mwisho huu umechukia, mwisho ule umependa sana, katikati hakuna kitu. Unatia alama pale unapojisikia uko.

Nikamuuliza, kwa hiyo hiyo dawa uliipenda?

“Siku mbili nilitia alama katikati, mama. Nadhani dawa ilikuwa mojawapo. Ila walikuwa wananiuliza najisikiaje, halafu wanakaa, wananingoja nijibu. Hicho ndicho nilichokipenda.”

Jumapili ya toba hakwenda. Alihamia kwa rafiki yake huko Quakers Hill, kisha magharibi kabisa ya nchi, kwenye migodi, safari ya ndege ya saa nyingi. Alikuwa akinipigia Jumapili asubuhi, saa ya ibada. Nami nikaacha ibada, nikawa nabaki nyumbani kumsubiri. Nilikuwa namuuliza kama wale madaktari.

“Leo uko wapi kwenye mstari, mwanangu?”

“Katikati, mama.”

Namwambia njoo nikupikie. Anasema atakuja.

Mara ya mwisho nilipomuuliza hakujibu upesi. Nilisikia upepo upande wake. Nikangoja, nikijua anapenda kungojwa. Nikangoja sana. Kisha simu ikakatika.

Nikipiga ile namba sasa inaniambia mashine, kwa Kiingereza, kwamba haipo. Mama Mkongomani amepiga kwa simu yake, mchungaji naye amepiga, wanaambiwa hivyohivyo. Siku hizi ndizi mbichi zinapatikana hata duka la karibu. Jumapili namenya, naziloweka kwenye maji zisiwe nyeusi, nakaa kando ya simu mpaka kanisa litoke.