Mtandio Begani

Mama wa maabara, pale kituo cha afya cha Igogo, hagusi shingo ya mtu kabla hajasugua viganja vyake vikapata joto. Kisha humwomba mgonjwa mtandio, akautundika begani kwake mwenyewe, na ndipo huchukua sindano. Luhaga aliyaona hayo siku alipomleta binti yake Sabina kutoka kisiwani, Nansio, tezi imemvimba shingoni kama yai. Majirani walikwisha kuamua kuwa ni saratani, na binti hakutoka tena nje bila kujifunika mtandio shingoni. Majimaji ya tezi yalipakwa kwenye kipande cha kioo, mama yule akayatazama kwa hadubini, akatikisa kichwa.

“Sijaona vijidudu vya kifua kikuu.”

“Basi ni ile saratani,” Luhaga akasema, akiinuka. “Twende mwanangu, tuwahi meli.”

“Kaa, baba. Kwenye tezi huwa wachache, hadubini huwakosa. Nimebakiza majimaji ya kuweka kwenye mashine, yenyewe huwatambua hata wakiwa haba. Hakuna anayeondoka hapa na jibu la majirani.”

Hakupaza sauti, na mtandio ulikuwa bado begani kwake. Luhaga akakaa. Mashine ilipomaliza, mama aliinamia skrini, akapiga kofi moja kavu.

“Nimemkamata! Ni kifua kikuu cha tezi, Sabina, na mashine inaonyesha dawa zetu zinamweza. Utameza miezi sita, utapona.”

Luhaga alisimama, akamshika binti mkono. Mlangoni ndipo alipokumbuka.

“Mwanangu, mtandio wako?”

“Mwachie, baba,” Sabina akasema, akatangulia nje shingo wazi.