Wageni Walioacha Chakula Changu

Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi kuliko umri wa wazazi wengi wanaoniletea watoto siku hizi. Muhula ukianza, wiki ya kwanza haijaisha nimeshajua nani mtukutu, nani anakuja shule bila kunywa uji, na nani kamfichia mwenzake penseli. Sijisifu, nasema kweli. Pale shuleni Pito, kwetu Sumbawanga, jicho langu lilikuwa na sifa, na aliyeliamini kuliko watu wote ni mimi mwenyewe.

Nina binti wa marehemu kaka yangu. Baba yake alifariki yeye akiwa hajafika hata miaka mitatu, mama yake akaolewa kwingine, nikamchukua. Ananiita shangazi, lakini mgongo wangu ndio uliombeba. Mwaka juzi akanijia na habari kwamba kuna kijana anataka kuleta posa. Kijana ni bwana mifugo hapa mjini Sumbawanga, na wazazi wake ni Wasukuma wafugaji waliohamia Ilemba, kule bondeni, tangu yeye akiwa mdogo. Sikuwa na kinyongo. Nikasema, waje tuwaone.

Sasa hapa lazima niwaambie kitu, maana bila hicho mtaniona kichaa. Mtu wa Sumbawanga akitoka nje ya mkoa anajua kinachomsubiri: ile sifa ya uchawi. Akitaja tu kwao, wenzake wanaruka hatua mbili nyuma: "Usije ukanipiga radi, mwenzangu!" Wanacheka, na wewe unacheka. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mkoa wa mbali, nilibeba karanga za kukaanga na migebuka mikavu, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Nikawakaribisha wasichana wa bwenini. Mmoja akasema, "Vya Sumbawanga hivyo? Bado naipenda roho yangu." Hakuna aliyegusa. Nilikula peke yangu wiki mbili nzima, nikitabasamu kama mjinga. Iliniuma. Inaniuma hadi leo, na sioni haya kusema.

Basi siku ya posa niliamka alfajiri. Nikasonga ugali wa ulezi, nikapika migebuka mibichi iliyotoka Kasanga, maharage, na kuku wawili wa kienyeji. Wageni wakafika watatu: baba mtu, mama mtu, na mshenga wao. Msemaji wa upande wetu alikuwa kaka yangu mkubwa, ingawa kila mtu katika ukoo anajua neno la mwisho juu ya mtoto yule ni langu. Kwetu mgeni anakula kwanza, maneno baadaye. Nikapita na jagi la maji ya kunawa.

Baba mtu akaficha mikono ndani ya koti. "Asante, dada, tuko sawa tu."

Nikadhani ni adabu ya ugeni. Nikafunua vyakula, nikawakaribisha. "Asante." Nikawakaribisha tena. "Asante, mama, tumeshukuru." Mama mtu alikuwa anaangalia sakafu. Mshenga akaangalia mlango. Kuku anapoa, ugali unaota ngozi, na hao wamekaa wima kama wanasubiri kupigwa picha.

Loo! Hapo nikajua. Jicho langu likaniambia, na sikuhitaji shahidi. Nikamega tonge, nikachovya, nikala mbele yao, ili waone kwamba hakuna kitu ndani. Mtu mzima mimi, nyumbani kwangu, naonja chakula changu kuthibitisha kwamba si mchawi! Hawakusogea. Niliona aibu kama niliyevuliwa nguo, halafu aibu ikageuka hasira. Nikakusanya sahani moja juu ya nyingine, kwa kelele, nikazirudisha jikoni zikiwa zimejaa, nikamwita kaka nje.

"Hawa hawampati mtoto wangu."

"Mbona maneno hayajaanza?" akauliza.

"Yameshaisha, kaka."

Kaka yangu ni mtu wa amani, na mimi ananiogopa. Akarudi ndani, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Tumewasikia. Tutawatafuta." Hakuna asiyejua maana ya jibu hilo. Wakashukuru, wakaondoka na njaa yao.

Binti hakulia mbele yangu. Asubuhi shikamoo, jioni anapika, akimaliza anaingia chumbani kwake. Nilipomsimulia dharau waliyonifanyia aliinamisha kichwa tu, akasema, "Sawa, shangazi." Nikajipa moyo kwamba atazoea. Wiki ya tatu nikasikia kutoka kwa watu kwamba yule kijana ameomba uhamisho, anataka kwenda mkoa mwingine kabisa. Usiku huo huo nikamsikia binti anakohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kilio, na mimi nimemlea, nakijua.

Kesho yake nilikwenda sokoni nikiwa na moyo mzito na mdomo mwepesi. Yule mama ninayenunua kwake mchele ni Msukuma, tunataniana siku zote. Siku hiyo sikutania. Nikamwambia, "Ninyi watu mna dharau!" Nikammwagia yote, toka jagi la maji hadi sahani.

Akasikiliza huku anapepeta. Kisha akauliza, "Mwalimu, mlikuwa mmeshawajibu?"

"Tuwajibu nini kabla hawajala?"

Akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya khanga. "Ee mwalimu! Si wote tunaofuata mila hiyo siku hizi, lakini ziko familia za wazee wenye msimamo. Aliyekuja kuomba mtoto hali chakula mpaka ajibiwe. Akila kwanza, atasemwa alifuata kitoweo. Wale walikuwa wanakuheshimu."

Nilisimama pale na mfuko wa mchele mkononi kama niliyemwagiwa maji ya baridi.

Nilipotaka kwenda Ilemba kuwaomba radhi, kaka alipinga. "Upande wa mke kumfuata mwanamume? Tutachekwa." Nikamwambia, wacheke, kwani meno ni yao. Jumamosi nikapanda gari, tukateremka bondeni, nimevaa sweta langu zito la baridi ya Pito kama mshamba, joto linanipika. Mama mtu alinipokea kwa goti, akanipa kigoda kivulini. Hakuuliza nimefuata nini. Nikaona nisizunguke.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilidhani mmekiogopa chakula changu kwa yale tunayosingiziwa watu wa Sumbawanga."

"Uchawi?" Akatikisa kichwa. "Sisi hata haukutujia akilini. Miaka yote hii tunaishi hapa, tunazika pamoja, tunasali pamoja! Mimi nilimwambia mzee, yule mwalimu ametuona tunanuka ng'ombe. Ulivyozichukua zile sahani! Na tulikuwa tumeoga mara mbili siku ile. Nilinunua sabuni ya kunukia kwa ajili yenu."

Jamani. Hiyo sabuni ilinikata maini. Nililia, naye akalia, halafu tukaanza kucheka wenyewe kama wasichana. Nikamwambia mtoto ni wao, kaka atakuja kulitamka rasmi. Akapiga kigelegele hadi ng'ombe zizini wakainua vichwa, akamwagiza mume wake ampigie kijana simu aache habari za uhamisho. Nililetewa wali na maziwa mgando, nikala nikashiba.

Nilirudi jua likizama, kifua mbele. Nilikuwa nimekosa, ndiyo, lakini nimesahihisha mwenyewe kwa miguu yangu, na si wengi wanaoweza. Nikamkuta binti anachambua maharage. Nikampa habari. Akafunika uso kwa viganja, akalia. Nikangoja atulie, kisha nikamsimulia ile desturi ya kutokula, nikidhani namfundisha jambo jipya.

"Nilikuwa naijua, shangazi," akasema. "Aliniambia mwezi mzima kabla hawajaja."

"Ulikuwa unajua! Ukaniacha niaibike, ukaacha wazee wa watu waondoke na njaa?"

"Nilitaka kukwambia, na siku ile nilifika mpaka mlangoni. Lakini ungesema wamenidanganya." Alikuwa anaongea kwa adabu, macho kwenye ungo. "Wewe ukishamwona mtu, shangazi, humsikii tena. Hata mimi."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake.

"Basi niambie," nikasema. "Huyo kijana ni mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimeshamkataa mara moja na kumkubali mara moja, na hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza juu yake.