Mlango Ulioelekea Mtoni

Utafiti wangu wa uzamifu katika usanifu majengo ulihusu nyumba za watu waliohamishwa na mafuriko: wakienda mahali pakavu, wanabeba nini cha nyumba ya zamani na wanaacha nini. Msimamizi wangu kule Nairobi aliipenda sana mada hiyo. Hakujua kwamba mmoja wa watu hao alikuwa baba yangu mzazi, na kwamba alikuwa amekataa katakata kuhama.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Tana, si mbali na Garsen. Maji yalikuja asubuhi. Mashua ya uokoaji ikafika, Baba akapanda, Mama akapanda. Kisha Mama akashuka. Alisema ameacha mlango wazi, mbuzi wa jirani wataingia wale unga. Maji yalikuwa magotini, mbuzi wenyewe wameshasombwa, na mama yangu anarudi kufunga mlango! Ndivyo alivyokuwa, hakuweza kutoka nyumbani bila kuufunga. Hatukumwona tena, wala hatukupata mwili wa kuzika.

Maji yalipopungua, nyumba ilikuwa imebaki sakafu ya udongo na mashimo ya nguzo. Baba akatandika mkeka pale pale, akafunga turubai, akakaa. Wenzake wote walikuwa wamepanda mwinukoni, kwenye viwanja vipya kando ya barabara. Mvua nyingine zilikuwa zinakaribia. Nilikuwa naogopa, nami nikiogopa huwa mkali.

Siku niliyokwenda kupima ile sakafu, nilikata moja kwa moja na tepu yangu mpaka katikati.

"We! Unapita ukutani?" Baba akafoka. "Pita mlangoni kama watu."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni nikatoka, nikazunguka upande wa mto, nikaingia mlangoni. Mguu wangu ulijiinua wenyewe kuruka kizingiti ambacho hakikuwepo.

"Baba, maji yatakuja tena."

"Najua."

"Sasa unangoja nini hapa?"

"Mama yako akirudi atapita wapi? Kule juu nyumba zote zatazama barabara. Yeye ajua mlango wa kutazama mto."

Niliudhika hadi nikalia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba Mama aswaliwe swala ya ghaibu msikitini, kwa kuwa hapakuwa na jeneza. Alijua vizuri kuliko mimi kwamba hayupo. Hata hivyo hakubanduka.

Kesho yake nilimchukua fundi tukapanda mpaka kwenye kiwanja cha Baba. Tukapiga vigingi na kufunga kamba, chumba kwa chumba, kwa vipimo vya ile sakafu. Fundi alinung'unika kwamba nyumba imeipa barabara mgongo, wageni watabisha dirishani. Nikamwambia wageni watazunguka, wana miguu. Mlango niliuelekeza mtoni, ingawa ukisimama pale mto hauonekani.

Baba alikuja kwa kujivuta. Akaingia penye mlango, akasimama palipopaswa kuwa jikoni, akatazama huku na huku. Alipotaka kutoka akasogea pembeni kidogo, vile mtu anavyompisha mwenzake mlangoni. Fundi akainamisha macho.

"Ndiyo yenyewe," Baba akasema. "Lakini nani atamwambia kwamba tumehama?"

"Mimi," nikajibu, ili mambo yaishe. "Nitakwenda kumwambia."

Nyumba ilikamilika kabla ya mvua, na Baba akahama na mkeka wake. Mimi nikateremka kijijini peke yangu. Nilijidanganya kwamba nakwenda kupima tena mashimo ya nguzo. Nilifika upande wa mto nikapiga hodi, sijui kwa nini. Kisha nikasubiri, muda ule ambao mtu aliye jikoni hujipangusa mikono kabla ya kuitikia.

Nikaingia. "Mama," nikasema, "tumehama. Tuko juu, kando ya barabara. Mlango umetazama huku huku." Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto.

Nilipokuwa natoka, mkono wangu ulirudi nyuma kuvuta mlango. Nikauzuia. Nilisimama pale na jua lote lile, siwezi kufunga wala kugeuka nyuma.

Baba alikuwa ananingoja barazani kwenye nyumba mpya.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Mimi ni mtu wa vipimo. Nisichokiona na kukipima, sikiandiki. Na kule chini sikusikia kitu isipokuwa upepo kwenye migomba iliyobaki.

"Amesema tusifunge mlango," nikamwambia.

Baba akaitikia kwa kichwa, akaenda kuling'oa komeo. Mpaka leo mlango ule hulala wazi. Nikilala pale mbu hunimaliza, lakini siamki kuufunga.